Sote Tunapenda Kutembea Milimani na Mbwa

3 Juni

Mvua za kwanza. Paa linavuja upande wangu, upande wao halivuji. Wala sishangai.

5 Juni

Leo Osmel kamleta Yaíma rasmi, na mabegi yake mawili na feni yake. Osmel ni mume wangu wa zamani. Tumeachana huu mwaka wa pili na bado tunalala chini ya paa moja, kwa sababu hapa Cuba talaka unaipata asubuhi moja ukarudi kupika chakula cha mchana, lakini chumba hukipati. Nyumba ni ya mama yake, Edelmira. Ya wazazi wangu iliangushwa na kimbunga, na kaka yangu wa pekee alishajiondokea zamani, yuko Uruguay. Basi Osmel alisimamisha ukuta wa mbao nyembamba katikati ya sebule, mimi nikabaki mbele, yeye nyuma, jiko na choo vya wote.

Yaíma ana miaka ishirini na minne na mimba changa. Kanisalimia kwa adabu, dada Oda huku, dada Oda kule. Edelmira kaniambia nisogeze sufuria zangu ili mgeni apate pa kuweka zake. Nimesogeza. Nilitaka kwenda chooni nilie kidogo, lakini kulikuwa na mtu.

6 Juni

Umeme hakuna. Joto.

7 Juni

Umeme hakuna.

10 Juni

Nivaldo kaniambia jambo ambalo tangu asubuhi halinitoki kichwani. Nivaldo ndiye anayetuletea kifurushi kila Jumatatu hapa Zulueta: diski iliyojaa tamthilia, mechi, miziki, matangazo ya nyumba zinazouzwa, kila kilichopita mtandaoni wiki ile. Unanakili unachotaka, kesho yake anapeleka kwa jirani. Dada yake aliwahi kufanya kazi Georgetown, Guyana, kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja anaitwa Bi Sukhdeo, kabla hajaolewa akahamia Brazil. Sasa Bi Sukhdeo anaongeza ghorofa na anataka Wakuba wawili. Tiketi anatuma yeye. Mwisho wa Agosti atazungumza na watu kwa video, na sharti lake ni moja, wajue Kiingereza.

Mimi ni mpishi wa shule. Wali na maharage meusi nawapikia watoto mia tatu bila kuonja. Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya fulana za mitumba. Nimemwambia Nivaldo aniandike jina. Nitatoka humu ndani, hata kama itabidi nijifunze Kichina.

14 Juni

Bustani ya mjini, chini ya miti, penye mtandao unaoshika. Tovuti ya kwanza ya kujifunza Kiingereza inataka kadi ya benki ya nje. Ya pili imefunguka, ikazunguka, ikaniandikia kwamba haipatikani katika nchi yako. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Hata kujifunza namna ya kuondoka hatupatikani.

Ya tatu inafundisha kwa nyimbo, na kila baada ya ubeti kuna tangazo la kupunguza tumbo.

16 Juni

Tovuti ya nne ni ya watoto wadogo. Sasa najua ng'ombe, bata na nguruwe. Nikiwa na hasira na Edelmira napitia orodha yote kimoyomoyo.

19 Juni

Nimeipata. Walimu wawili wastaafu, mume na mke, wameitengeneza wenyewe kwa ajili ya watu wasiowajua. Haina matangazo wala haitaki kadi. Kila somo lina picha, maneno na sauti, na yule mama anasoma polepole, kwa sauti ya mtu ambaye hana haraka na wewe. Somo la kwanza ni la bwana mmoja anaitwa Alan. Alan anaeleza habari zake: anaishi mji mdogo wenye milima, ana kaka wawili, mmoja ni mhandisi, na Jumapili anapenda kutembea milimani na mbwa wake.

Nimemsikiliza Alan mpaka betri ikaisha. Nimerudi nyumbani nikitembea upesi, nina furaha ya kijinga, na nilipofika mlangoni Edelmira akaniuliza nacheka nini, kuna msiba gani.

23 Juni

Kwenda bustanini kila siku siwezi, data inanimaliza. Nimempelekea Nivaldo anwani ya tovuti, nikamwomba ainakili yote nikae nayo nyumbani. Kasema ana binamu anayefanya kazi hotelini Santa Clara, watashusha kila ukurasa usiku usiku, lakini kazi ikiwa kubwa hivyo ataitia kwenye kifurushi wafaidi wote. Nimemwambia sawa, weka. Kwa nini nimnyime mtu?

30 Juni

Imo kwenye kifurushi. Nivaldo kaliita faili lake kwa jina langu kamili, "Kiingereza cha Odalmis". Nesi kanisimamisha barabarani kunishukuru. Mwuza mkate kaniongezea mkate. Sijawahi kuwa mtu maarufu, na sikatai, nimependa.

4 Julai

Baadhi ya kurasa hazifunguki kwenye nakala. Unabonyeza, kimya. Si kitu, zilizofunguka zinatosha.

9 Julai

Shule zimefungwa, kwa hiyo nashinda humu. Mvua inaanza saa nane mchana na haina aibu. Nasoma kwa sauti, na ng'ambo ya mbao Osmel anapiga ukuta: nimpunguze huyo mzungu wangu, watu wamelala. Saa tisa mchana, watu wamelala. Nimeongeza sauti.

12 Julai

Jambo limenikera leo. Nilisema sentensi ya Alan kuhusu kaka zake, nikanyamaza kunywa maji, na ng'ambo ya ukuta sauti nyembamba ikaimalizia. Yaíma. Anajifunza kwa kunisikiliza, bure, amelala kwenye kitanda kilichokuwa changu.

Nilipomkuta jikoni nikamwambia kama anataka masomo aende kwa Nivaldo kama wenzake. Akasema simu yake Osmel kaiuza wanunue tangi la maji. Hakusema kwa kulalamika, alikuwa anamenya magimbi. Nikajibu kwamba hayo ni ya kwao, nikaondoka. Tangu wakati huo nasoma kwa kunong'ona. Koo linaniuma na sijisikii vizuri hata kidogo.

13 Julai

Mvua. Nanong'ona.

14 Julai

Mvua. Nanong'ona.

22 Julai

Nivaldo kaniambia walioandikisha majina kwa Bi Sukhdeo sasa ni kumi na wanne. Nafasi ni mbili. Wote wanasoma "Kiingereza cha Odalmis". Nilipopita kwa kinyozi leo nikamsikia anamwambia mteja, huku kamshikia wembe shingoni, kwamba ana kaka wawili na mmoja ni mhandisi. Alikuwa na matamshi mazuri kuliko yangu.

Nimekaa kitandani najiuliza ni shetani gani alinituma. Ningeificha tovuti ile, leo ningekuwa peke yangu. Sasa nimewapa watu kumi na watatu funguo za mlango niliouona mimi. Na kesho nikikutana nao watanishukuru, na itabidi nitabasamu.

1 Agosti

Umeme kidogo, maji hakuna.

9 Agosti

Siku ya tatu ya dhoruba. Si kimbunga, redio inasema, ni mvua tu, lakini chumba changu kimejaa maji mpaka kwenye miguu ya kitanda. Edelmira mwenyewe ndiye aliyekuja kusimama mlangoni, akasema nisijifanye samaki, nihamie nyuma. Kwa hiyo tumelala wanne chumba kimoja, mimi na Edelmira kitanda kimoja, Osmel sakafuni, Yaíma kwenye kochi kwa sababu ya tumbo. Nyumba nzima inanuka nguo mbichi. Osmel anakoroma kama zamani, na mimi naamka nikitaka kumpiga kiwiko, halafu nakumbuka kwamba kazi hiyo si yangu tena.

Hakuna televisheni wala pa kwenda. Betri ya simu yangu ilikuwa na nusu. Mchana wa jana Yaíma aliniuliza, akitazama pembeni, kama yule mama wa masomo bado yupo. Nikaiwasha. Sijui kwa nini, labda nilichoka kunong'ona. Tukasikiliza somo la sokoni, la hospitali, la simu. Yaíma ana sikio la ajabu, kitu anakisikia mara moja. Osmel alijifunika uso na mto akasema tumuonee huruma. Edelmira alisikiliza mpaka mwisho akifuma, halafu akatoa maoni yake.

"Huyo Alan ana kaka, ana mbwa, ana milima. Mama yake hamtaji hata mara moja. Sitaki kumjua."

Tulicheka mpaka Yaíma akashika tumbo. Nimekaa nyumba hii miaka kumi na moja, na sikumbuki lini nilicheka na Edelmira.

12 Agosti

Maji yamepungua, nimerudi kwangu. Yaíma anakuja mchana na kiti chake. Nimemwambia ni kwa sababu nikiwa na mwenzangu nasoma vizuri zaidi. Bado naona vibaya kumtazama tumbo.

20 Agosti

Kaniambia leo, bila kuulizwa, kwamba alikubali kuja hapa kwa sababu kwao walikuwa wanalala saba, na Osmel alimwambia ana nyumba. Hakumwambia kwamba ndani ya nyumba nipo mimi. Aliniona kwa mara ya kwanza siku ile ya mabegi. Nilikuwa nimeshamchukia miezi mitatu kabla, tangu niliposikia jina lake. Nikamkatia kipande cha embe.

30 Agosti

Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye kwamba haikuwa hivi.

Bi Sukhdeo alipiga saa nne asubuhi. Tulikuwa bustanini, simu ya Nivaldo imeegemezwa kwenye sanduku la domino juu ya benchi. Kila aliyefika aliuliza nani wa mwisho, akajua zamu yake, akakaa. Tulivaa vizuri. Kinyozi alikuwa na tai. Mimi nilikuwa wa saba.

Wa kwanza alikuwa Heriberto, mwalimu wa hesabu. Bi Sukhdeo ni mama mnene wa miwani, sauti yake nzito lakini si mbaya, akamwomba aeleze habari zake. Heriberto akasimama wima, akasema anaishi mji mdogo wenye milima, ana kaka wawili, mmoja ni mhandisi, na Jumapili anapenda kutembea milimani na mbwa wake. Heriberto hana kaka. Mbwa akimkaribia anavimba macho. Na mji wetu ni tambarare tupu, kilichoinuka ni jalala. Lakini alisema bila kukwama hata mara moja na sisi kwenye foleni tukatikisa vichwa kwa heshima.

Wa pili akawa nesi. Mji mdogo wenye milima. Kaka wawili.

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilitazama foleni, nikaona midomo yote inacheza, kila mtu anarudia kimya kimya, na kila mtu anarudia kitu kilekile. Nilitaka kusimama niseme jamani badilisheni, lakini wabadilishe waseme nini? Wa tatu akasema. Wa nne akasema. Bi Sukhdeo akavua miwani akauliza kama katika mji huu kila mtu ana mbwa. Aliuliza kwa sauti ya upole, kwa hiyo foleni yote ikamjibu ndiyo.

Alipofika kinyozi, Bi Sukhdeo alikuwa ameshika shavu. Alimkatiza kwenye milima. Akamuuliza jambo jingine, nadhani kuhusu kazi, na kinyozi akasubiri kwa adabu amalize, kisha akaendelea na mhandisi.

Nilijiapiza kwamba mimi nitasema ya kwangu. Nilikaa, nikaiona sura yake kwenye kioo cha simu, nikafungua mdomo, na Alan akatoka. Nilimsikia akitoka na sikuweza kumzuia. Nilijaribu kusimama kwenye kaka, kwa sababu kaka ninaye kweli, lakini wakatoka wawili. Bi Sukhdeo akaniuliza, na wewe mama, Jumapili unafanya nini? Swali nililielewa, neno kwa neno. Jumapili nafua. Jumapili nasikia watu wanacheka ng'ambo ya mbao, na mimi napika peke yangu kwenye jiko la wote nikisubiri waondoke. Hayo yote ninayo, na sikuwa na hata neno moja la Kiingereza la kuyasemea. Nikasema, milimani. Na mbwa.

Akaniambia asante, mwingine.

Watano wa mwisho walikwenda nyumbani bila kungoja. Osmel alikuwa kwenye kibanda cha bia hapo bustanini, anatengeneza friji, mikono yote grisi. Kazi yake ndiyo hiyo, friji na viyoyozi. Alikuja kwenye benchi kwa mzaha, akauliza nani wa mwisho, watu wakamwambia kaa tu, biashara imeisha. Akakaa. Kiingereza chake ni kile kilichopenya ukutani.

"Mimi friji," akamwambia Bi Sukhdeo. "Mimi hewa baridi. Wewe friji mbovu?"

Yule mama akavaa miwani. Akamuuliza kuhusu mbwa. Osmel hakuelewa ila neno hilo moja.

"Mbwa hakuna," akasema. "Mlima hakuna. Friji."

Bi Sukhdeo alicheka mpaka akatoka kwenye picha. Aliporudi, akamchukua palepale. Ile nafasi ya pili akasema atatafuta kwao.

31 Agosti

Nimekwenda bustanini peke yangu nikaifungua tovuti yenyewe, ile hai. Baada ya ukurasa wa Alan kuna ukurasa mwingine. Yule mwalimu mama anasema: huyu ni Alan, sasa tuambie habari zako. Kuna nafasi za kujaza, jina lako, mji wako, ndugu zako, Jumapili yako, na ukikosa anakusahihisha. Ndio ukurasa uliokuwa haufunguki kwenye nakala. Tuliubonyeza mji mzima, ukakaa kimya, tukadhani Alan ndiye jibu.

Nimelia pale bustanini bila kujificha, na mwuza karanga akasogea benchi la mbali.

2 Septemba

Nimewaeleza watu habari za ule ukurasa. Mwuza mkate hanisalimii. Nesi kasema mbele za watu kwamba nilijua, niliwaachia makusudi. Ningejua, mama, ningekuwa ndani ya ndege.

14 Septemba

Osmel kaondoka leo. Alinikuta natwanga vitunguu saumu, akasimama mlangoni na begi.

"Oda, usinichukie. Sikuwa hata nimeomba."

"Ndicho kinachoniuma," nikamwambia.

Edelmira analia tangu asubuhi. Yaíma halii. Ameketi kitandani na tumbo lake la miezi mitano anatazama feni isiyozunguka. Nilitaka mimi niondoke wao wabaki, na sasa kaondoka yeye, nimebaki na mama yake na mwanamke wake. Hata mtu wa kunitakia mabaya asingepanga hivi.

19 Septemba

Kapiga simu. Haelewi chochote anachoambiwa. Akaweka sauti kubwa, akampa Bi Sukhdeo nafasi aongee, na mimi huku nikitafsiri, nimesimama kando ya tangi la maji, mahali pekee uani panaposhika. Anatakiwa aanze na vyumba vya juu. Asivute sigara ngazini.

20 Septemba

Simu mbili.

23 Septemba

Simu nne. Anataka soksi, anataka bisibisi, anataka kujua kwa nini mpishi kamnunia. Nimekuwa ulimi wake. Yeye yuko ng'ambo anatembea mjini, na anatembea kwa Kiingereza changu, na mimi siwezi kutoka hapa kwenye tangi kwa sababu nikitoka simu inakatika. Nimemwambia Yaíma kwamba siku moja sitapokea. Akaniambia, kwa upole, kwamba Osmel akifukuzwa atarudi.

Napokea.

6 Oktoba

Mvua bila kupumzika. Yaíma anakaa nami uani chini ya bati na kusikiliza. Siku hizi Bi Sukhdeo akisema kitu nikakwama, yeye ndiye ananinong'oneza. Tumesoma kila kitu kilichofunguka, na kurasa ambazo hazifunguki nazinakili bustanini kwa mkono, namletea. Ukurasa wa kujieleza tumeujaza kwa ukweli. Yaíma kaandika: naishi na mke wa zamani wa mwanaume wangu, na namwogopa kidogo. Nimemsahihisha kosa moja tu.

11 Oktoba

Edelmira kanipa kikombe cha kahawa bila kuniomba nisogeze kitu.

24 Oktoba

Kimbunga kimepita kaskazini, tumepata upepo tu. Siku tano bila umeme, simu zimezima. Nimekosa kuisikia sauti ya Osmel siku tano na nimelala vizuri sana.

1 Novemba

Naandika leo leo, kabla sijalala.

Umeme ulirudi asubuhi, na kabla simu haijajaa Osmel akapiga. Tulikuwa uani mimi na Yaíma. Bi Sukhdeo alikuwa naye jikoni kwake. Mpishi kaondoka kwa hasira, ghorofa mpya imejaa wageni, anataka mtu wiki hii. Akaniambia nimuulize Osmel kama ana mke anayeweza kuja, maana amechoka kuajiri watu asiowajua.

Nikamuuliza Osmel. Akasema nimwambie yupo Yaíma, atakuja akishajifungua. Nikatafsiri kama alivyosema, sikupunguza kitu: ana mwanamke, yuko hapa karibu yangu, mtoto anakuja Januari. Bi Sukhdeo akasema Januari yeye atakuwa ameshafunga biashara. Halafu akaniuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza wiki zote hizi.

"Na wewe unayeongea kila siku, wewe ni nani wake? Dada?"

"Mimi ni mke wake wa zamani," nikasema. Maneno yalikuja yenyewe, na yalikuwa yangu. "Tunaishi nyumba moja kwa sababu sina kwingine. Mimi ni mpishi wa shule. Mwezi wa nane nilikwambia nina mbwa. Sina mbwa. Nilitaka kutoka tu."

Nilidhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kutoka kwenye picha. Aliporudi hakuwa anacheka tena. Akaniuliza watoto wa shule ni wangapi, nikamwambia. Akasema basi njoo wewe, tiketi atatuma ya Ijumaa. Una chumba chako nyuma ya jikoni, na ufunguo wako.

"Amesema nini?" Osmel akauliza. "Oda. Anacheka nini?"

"Anasema nije mimi. Jikoni."

Nilimsikia anavuta pumzi. Akaanza kusema haraka haraka, kwamba hapana, haiwezekani, yeye kaenda huko apumue, mimi tena, kila siku, jiko moja, watu watasemaje, na Mama atabaki na nani. "Mwambie huwezi," akasema, na anajua pasipoti ninayo. "Mwambie huna pasipoti. Mwambie hivyo hivyo, Oda, tafadhali."

Bi Sukhdeo akauliza, anasemaje huyo?

Nikamtazama Yaíma. Kila neno alikuwa ameelewa, la huku na la kule, nililiona usoni mwake. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Angesema neno moja tu kwa Kihispania, Osmel angelisikia. Hakusema.

"Anasema ni sawa," nikamwambia Bi Sukhdeo. "Anafurahi."

Simu ikakatika. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati. Nilimuonea haya Yaíma, namwacha na yule mama, na mtoto, na paa hili, na mwanaume aliye upande wa pili wa bahari. Nilitaka kumwambia samahani, na nilijua hata nikisema, nitakwenda. Yeye akaanza. Aliniuliza kwa Kiingereza, vizuri kabisa, naondoka lini.

"Ijumaa," nikamjibu kwa Kiingereza.

Akahesabu kwa vidole. Akaburuta kiti chake karibu na changu, akachukua simu yangu mapajani mwangu akaiwasha.

"Basi tuna siku nne," akasema. "Nimalizie masomo yaliyobaki, dada Oda. Usidhani mimi nitakaa humu."

Tukaanza na lile la uwanja wa ndege.